Kuwatunza Wanachama Waliotawanyika: Simu na Mitandao kwa Vyama vya Bibokoboko na Baraka



Mwezi wa Oktoba 2021 vita vilifika Bibokoboko, katika milima ya teritware ya Fizi. Nyumba zilichomwa, na watu wengi wakateremka kukimbilia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Wengine hawakuishia hapo. Waliendelea hadi Burundi, Rwanda na Uganda, kila mmoja kufuata mahali alipokuwa na ndugu. Watu walihesabu ng'ombe waliopotea, mashamba yaliyoachwa na makanisa yaliyobaki bila waumini. Lakini kuna kitu kingine kilichotawanyika siku zile ambacho hakikuhesabiwa, nacho ni vyama: kikundi cha akina mama, chama cha kuweka na kukopeshana, mutualite ya kusaidiana katika msiba na arusi, kwaya, umoja wa vijana waliosoma shule moja.

Vyama hivi vilikuwa vikikutana chini ya paa moja, mara nyingi baada ya ibada. Katibu alifungua daftari, akasoma majina, na kila mmoja akaitika. Leo katibu anaweza kuwa Baraka, mweka hazina Bujumbura, na wanachama wengine Nakivale nchini Uganda. Kwa hiyo vyama vingi vimegeukia simu. Vingine vimefaulu kuwashika watu wao. Vingine vina kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, lakini wanaochanga, wanaojibu na wanaotembeleana hawazidi kumi.

Katika makala hii tunakusanya mambo yanayosaidia, ili komite za vyama, wachungaji na viongozi wa vijana wapate mahali pa kuanzia. Neno letu kubwa ni hili: mwanachama habaki katika chama kwa sababu anapokea habari nyingi. Anabaki kwa sababu anajua kwamba chama kinamjua kwa jina, kwamba akikosekana atatafutwa, na kwamba mchango wake unaonekana ulikokwenda. Mtandao ni chombo cha kufanya mambo hayo matatu. Usipoyafanya, unabaki kuwa kelele.

Jambo hili si geni kwetu

Watu wa Fizi na Uvira wamewahi kutawanyika kabla ya kuwa na simu mkononi. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha wengi ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania ilifunguliwa mwaka huo huo. Wengi walitafutana kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi moja, iliyo wazi, yenye habari za familia tu. Niko hai. Mama yuko nami. Mtoto fulani yuko wapi? Hakukuwa na siasa wala habari za vita ndani yake, na kwa sababu hiyo karatasi ile iliweza kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tunaikumbusha karatasi ile kwa sababu bado inatufundisha: ujumbe mfupi unaomtaja mtu mmoja kwa jina hushikilia uhusiano kuliko video ndefu inayotumwa kwa watu elfu.

Kwa nini mwanachama hupotea

Komite hupenda kusema, "Fulani ametuacha." Ukifuatilia, mara nyingi unakuta hakuamua kuacha.

Sababu ya kwanza ni namba. Mtu anapokimbia, simu huibiwa, huvunjika au huuzwa ili apate chakula. Akivuka mpaka hununua laini ya nchi ile. Laini ya zamani isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga, na baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. WhatsApp nayo hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka katika chama bila kujua kwamba ametoka.

Ya pili ni aibu. Aliyekuwa na ng'ombe na sasa analala katika nyumba ya watu hana mchango. Kila anapoona orodha ya waliochanga, anaona pia nafasi ambapo jina lake halipo. Mwishowe ananyamaza.

Ya tatu ni kelele. Unite ni ghali kwa mtu asiye na kazi. Kundi likituma video na picha za maua kila asubuhi, mega za mtu zinaisha kabla hajaona tangazo la kikao.

Ya nne ni msiba uliopita kimya. Mtu amefiwa na hakuna aliyemwandikia. Huyo haachi chama kwa hasira ya siku moja. Anaondoka polepole moyoni.

Ya tano ni shaka ya pesa. Haihitaji wizi wa kweli. Miezi sita bila hesabu inatosha.

Angalieni sababu hizo tano. Hakuna hata moja inayoponywa kwa kutuma habari nyingi zaidi.

Daftari kwanza, simu baadaye

Kabla ya kufungua kundi lolote, chama kiwe na daftari la wanachama. Kwa kila mtu liandikwe jina lake, kijiji alichotoka, mahali alipo sasa, namba yake, na namba ya mtu mmoja wa karibu ambaye anaweza kumfikia. Namba hiyo ya pili ndiyo itakayomrudisha siku atakapopoteza simu. Liandikwe pia kama ana simu ya intaneti au simu ndogo, na lugha anayoielewa vizuri. Daftari lirekebishwe kila baada ya miezi mitatu. Liwe na nakala mbili mikononi mwa watu wawili wanaokaa mahali tofauti, na lisipigwe picha na kutumwa katika kundi.

Daftari linasaidia pia kuondoa mchanganyiko mmoja unaoleta ugomvi. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2001, namba 004/2001, ndiyo inayosimamia vyama visivyo vya faida, na namna mwanachama anavyoingia na kutoka ni jambo la statuti za chama. Mtu aliyetolewa katika kundi la WhatsApp kwa hasira ya msimamizi hajafukuzwa chamani. Na mtu aliyeongezwa katika kundi hajawa mwanachama. Komite iseme jambo hili wazi tangu mwanzo.

WhatsApp: nguvu zake na mipaka yake

WhatsApp ndiyo inayotumika zaidi kwetu, na kundi moja linaweza kuchukua hadi watu 1,024. Tunashauri makundi mawili. La kwanza ni la matangazo, ambalo limewekwa ili wasimamizi peke yao waandike: tarehe ya kikao, msiba, ugonjwa, hesabu ya mwezi. La pili ni la mazungumzo, kwa salamu, nyimbo na mizaha. Mwenye mega kidogo anabaki katika la kwanza bila kuonekana mpotevu.

Chagueni saa moja isiyobadilika, kwa mfano Jumapili jioni. Mtu anayelipa ili kuchaji simu atajua ni saa ngapi aiwashe. Tangazo liwe maandishi, kwa sababu maandishi hula mega chache kuliko picha na video. Kwa wale wasiosoma vizuri, ongezeni ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, kwa Kiswahili, na pia kwa Kibembe au Kinyamulenge pale wazee wanapohitaji. Lakini tarehe na kiasi cha pesa viandikwe daima. Sauti husahaulika.

Wengine hutumia orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi bila kundi, ambayo huchukua watu hadi 256. Kumbukeni kwamba ujumbe huo unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Makatibu wengi wamelalamika kwamba watu hawajibu, kumbe hawajawahi kupokea.

Lililo muhimu kuliko yote ni kurudisha mtandaoni ile desturi ya kuitika. Mara moja kwa mwezi katibu aandike katika kundi, "Tuko?" Kila mmoja ajibu, au ajibiwe na jirani anayejua habari zake. Katibu aweke alama katika daftari. Aliyenyamaza mwezi mmoja aandikiwe peke yake. Aliyenyamaza miezi miwili apigiwe simu, na kama simu haiiti, atafutwe kwa ile namba ya pili. Wala asitajwe mbele ya watu. Yule mchungaji wa mfano aliyewaacha kondoo tisini na tisa hakuanza kwa kutangaza kosa la yule mmoja, aliondoka kumtafuta.

Facebook na blogu

Ukurasa wa Facebook unafaa kwa watu walio nje ya chama: vijana waliokulia mjini, ndugu walio Marekani, Kanada au Ulaya, na marafiki wanaotaka kujua kazi ya chama. Haufai kwa mambo ya ndani. Msiandike huko nani mgonjwa, nani hajachanga, wala nani ameomba mkopo.

Blogu ina kazi nyingine. Mazungumzo ya WhatsApp huzama. Uamuzi wa mwezi wa tatu hauonekani tena mwezi wa tano, na simu ikiibiwa unaweza kupotea nayo. Blogu huhifadhi. Tunashauri iwe na mambo manne tu: statuti za chama, hesabu ya kila mwaka, maamuzi ya mkutano mkuu, na kumbukumbu za chama chenyewe, yaani kilianza vipi, nani walikianzisha, kanisa lilijengwa kwa mikono ya nani. Kwa watu ambao kijiji chao kimeungua, kumbukumbu hizo ni sehemu ya mali. Mtoto aliyezaliwa Nakivale atazisoma siku moja.

Tahadhari mbili. Kwanza, nenosiri la blogu na la ukurasa lijulikane na watu wawili, la sivyo siku katibu akihama blogu nayo inafungwa. Pili, mtu wa Baraka mwenye mega chache hataifungua. Kila jambo jipya la blogu lifupishwe kwa sentensi tano na kutumwa katika kundi la matangazo.

Msiweke tumaini lote katika intaneti. Baada ya uchaguzi, tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote, na watu walikaa karibu siku 20 bila WhatsApp wala Facebook. Chama kilichokuwa na namba katika daftari kingeweza kupiga simu. Kilichokuwa na kundi peke yake kilikuwa gizani.

Wasio na simu

Chama kikihamia katika simu bila kufikiri, kinaweza kuwaacha wale ambao ndio waliokibeba: akina mama wazee, wajane, na waliobaki mlimani ambako mtandao ni wa kutafuta. Mpeni kila mwenye simu nyumba tano za kuzipelekea habari. Matangazo yasomwe pia kanisani baada ya ibada, kwa maneno yale yale yaliyotumwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Kuna jambo ambalo komite za wanaume husahau. Katika nyumba nyingi simu ni ya mume. Akiba ya mwanamke katika chama cha kukopeshana ni siri yake na chama. Msitume kiasi cha akiba yake katika simu ya nyumba kabla ya kumuuliza yeye mwenyewe. Tunajua wanawake wanaoweza kuacha chama kwa sababu ya ujumbe mmoja wa namna hiyo, na hawatasema sababu.

Pesa ionekane

Michango sasa hupita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na kutoka nje ya nchi kwa njia nyingine. Wanachama wanachanga kwa faranga za Kongo, faranga za Burundi, shilingi za Uganda na dola. Chagueni pesa moja ya kuandikia hesabu, na mwandike siku ya kubadilishia. Makato ya kutuma nayo yaandikwe, kwa maana huko ndiko shaka huanzia.

Hesabu ya mwezi haihitaji kuwa ndefu. Kwa mfano: tulikuwa na dola 62; zimeingia 35; zimetoka 30 kwa msiba, 20 kwa dawa, na 2 za makato; zimebaki 45. Mstari mmoja kama huo, ukitumwa kila mwezi bila kukosa, hushikilia wanachama kuliko hotuba ya rais wa chama. Mwezi ambao hakuna kilichoingia, andikeni pia: "Mwezi huu hakuna."

Msitangaze orodha ya nani ametoa kiasi gani. Aliyetoa apokee shukrani yake peke yake. Asiyeweza apewe njia ya kubaki: aandikwe kwamba anachanga kwa kazi, kama kutembelea wagonjwa, kusoma matangazo au kuandika barua. Mwenye kazi katika chama ana sababu ya kubaki.

Maneno yanayoua

Hapa tunafika mahali pagumu, na hatuwezi kuparuka. Simu ile ile inayotukusanya inaweza kutuchoma. Katika nchi yetu ya Fizi, ujumbe mmoja wa uongo kwamba "wale" wanakuja usiku unaweza kuwafanya majirani washike silaha.

Kila upande una tarehe zake za kilio. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba nchini Burundi, na kila mwaka watu wao huwakumbuka katika nchi nyingi. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu, wengi wao Babembe, waliuawa Makobola, katika teritware ya Fizi, na watu wao nao huwakumbuka. Katika chama chenye watu wa pande zote mbili, kama vilivyo vyama vingi vya makanisa, tarehe hizo ni mtihani. Ujumbe wa kuwalilia wafu unaweza kusomwa na mwingine kama mashtaka juu yake, na kesho yake watu ishirini wameondoka katika kundi.

Hatushauri kunyamaza. Anayeambiwa anyamaze juu ya wafu wake hatabaki katika chama hicho. Tunashauri tarehe ya kila upande iandikwe katika kalenda ya chama. Tangazo liandikwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, kabla ya kutumwa. Liseme waliokufa ni nani na tunawaombea, bila kulaumu kabila zima. Kazi hiyo ya watu wawili kukaa na kukubaliana maneno machache ni ngumu. Lakini hapo ndipo chama kinapoonekana kuwa chama cha kweli.

Kuhusu habari za vita, kanuni iwe fupi. Hakuna kupeleka mbele ujumbe usiojulikana umetoka kwa nani. Hakuna picha za maiti. Hakuna majina ya kutukana kabila. Kampuni ya WhatsApp yenyewe, tangu mwaka 2019, ilipunguza kupeleka ujumbe mbele hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikafanya ujumbe uliosambaa sana upelekwe mahali pamoja tu kwa mara moja. Serikali ya Kongo nayo ilitia sahihi sheria ya mambo ya kidijitali tarehe 13 Machi 2023. Lakini mlinzi wa kweli ni msimamizi wa kundi anayempigia mtu simu na kusema, "Ndugu, tafadhali futa ujumbe huo, kisha tuongee."

Usalama wa wanachama

Katika kundi la WhatsApp kila mmoja anaweza kuona namba za wengine. Hakikisheni mnajua kila aliyeongezwa. Msiandike njia na siku ambayo mtu atasafiri, wala nyumba wanamolala waliokimbia. Picha za watoto ziwe kwa ruhusa ya wazazi. Jina na picha ya kundi viwe vya kawaida, kwa kuwa simu zinaweza kufunguliwa kwenye barieri na mtu akaulizwa habari za kundi lenye jina la kuchokoza. Ujumbe wa siri unaweza kuwekwa ujifute wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Lakini lile ambalo lingemwua mtu lisiandikwe kabisa. Lisemwe uso kwa uso, au lisisemwe.

Pa kuanzia

Komite isiyo na nguvu nyingi ianze na mambo manne mwezi huu: kuandika daftari upya lenye namba mbili kwa kila mtu, kutenga kundi la matangazo, kutuma hesabu ya mstari mmoja, na kuuliza "Tuko?" siku moja iliyopangwa. Blogu na Facebook vinaweza kungoja. Baada ya miezi mitatu, hesabuni waliojibu, msihesabu walio katika kundi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kazi yenu ya miezi mitatu inayofuata.

Hatujui ni lini paa la Bibokoboko litasimama tena juu ya watu wote waliokuwa wakikaa chini yake. Lakini daftari linaweza kufunguliwa leo, Baraka, Bujumbura au Nakivale, na majina yakasomwa. Anayesikia jina lake ataitika. Na asiyeitika, tumtafute.